Amplifaya Nimeshachagua, Simiyu

Simiyu, mdogo wangu,

Najua ungependa barua hii ianze na habari ya amplifaya, kwa hivyo nianze nayo, usije ukasema nimekuzungusha. Nimechagua. Haimo katika zile tatu ulizonitumia picha, na hutahitaji kununua chochote. Nitakueleza ni ipi na nimeitoa wapi, lakini kwanza utanivumilia, maana kwenye simu kila nikifungua mdomo netiweki yako inaharibika. Barua haina netiweki. Na naiandika wazi, naiweka kwenye group ya familia watu wote waisome, kwa sababu nimechoka kunong'ona katika nyumba hii.

Jambo lenyewe wewe unalijua, ila wengine hawalijui, kwa hivyo niliseme. Chama cha wakulima wa viazi kule Keringet kinataka karani wa ghala. Walinihoji kwa simu kwa kuwa sikuweza kutoka, na wakanipa kazi. Wanangoja jibu langu mpaka mwisho wa mwezi. Nina miaka arobaini na minne. Tangu Mama apigwe na stroke, na huu ni mwaka wa pili, sijalala nje ya nyumba hii ya Free Area, hapa Nakuru, hata siku moja. Nikienda Keringet, lazima mtu mwingine akae na Mama. Wasichana wa kazi watatu wamekuja wakaondoka, na wa mwisho Mama alimng'ata mkono. Hataki kushikwa na mtu asiyemjua. Kwa hivyo huyo mtu, Simiyu, hata ukihesabu vipi, ni wewe.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Baba akitoka kanisani alikuwa havui koti kwanza. Alikuwa anaenda moja kwa moja kwenye kabati la sebuleni, anatoa ufunguo kwenye mfuko wa shati, anafungua vile vioo viwili, na anaipangusa system yake na kitambaa cheupe ambacho Mama hakuruhusiwa kukifua pamoja na nguo zingine. Amplifaya chini, deki ya kaseti juu, spika mbili zenye kitambaa cha kahawia. Aliinunua akifanya kazi kiwandani, wakati kiwanda cha blanketi bado kilikuwa kiwanda. Sheria ilikuwa moja, mkono wa kuigusa ni wake tu. Sisi tulikaa kwenye mkeka, na wewe ulikuwa unajisogeza pole pole mpaka sikio lako linagusa kitambaa cha spika, na Baba anajifanya hakuoni.

Halafu ile siku alikuwa shifti ya mchana, tukaupata ufunguo. Wewe ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na nne. Ulizungusha ile knobu mpaka mwisho, spika ya kushoto ikapiga kelele, ikanyamaza kabisa. Baba aliporudi aliuliza swali moja. Nikasema ni mimi. Niliona viboko vitanifaa mimi kuliko wewe, ulikuwa mwembamba sana. Jioni ulikuja ukakaa kando yangu jikoni, ukasema, "Sista, nikikuwa mkubwa nitakununulia system yako." Ulikuwa unalia makamasi. Nilikuamini, aki, nilikuamini kabisa.

Na ni kweli umenunua. Sikatai.

Lakini tuelewane kwanza kuhusu lile kabati. Baba alipofariki, miezi michache kabla ya Mama kuugua, ulikuja. Ulikaa siku nne. Siku ya tano ndiyo wazee walikuwa wakae wagawe vitu vya marehemu, na siku ya nne ulikuwa uwanja wa ndege, unarudi Kanada. Kwetu unajua ilivyo. Mwana wa mwisho ndiye anayebaki na boma la wazazi, na vitu vya baba havigawiwi kama hayupo. Koti haliguswi, kiti hakikaliwi, kabati halifunguliwi. Senge Rispa, dada yake Baba, akafunga lile kabati na akanipa ufunguo. Akaniambia, "Weka. Simiyu akirudi Disemba, tutagawa." Disemba ya kwanza ukasema kazi imekubana. Ya pili ukasema tiketi zimepanda. Katikati hapo ulikuwa na likizo ya wiki tatu, nikakuona kwenye picha umevaa kaptula, uko kando ya ziwa, unachoma nyama. Sisi hapa Nakuru nasi tuna ziwa, Simiyu. Kuchoma nyama ungechoma tu.

Mimi ndiye nafuta vumbi. Napangusa kabati kwa nje, nazunguka kiti cha Baba na ufagio, nakung'uta koti bila kulitoa kwenye msumari. Naishi kwenye nyumba ambayo nusu ya vitu ni vya kutazama. Binti aliyeachana na mumewe na kurudi kwao haulizwi anaonaje. Anapewa funguo azichunge.

Na kimya, wewe! Tangu augue, Mama hawezi kuvumilia sauti kubwa. Redio ikiwaka anashika kichwa kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi. Kwa hivyo hakuna redio, hakuna muziki, hakuna televisheni. Nyumba tuliyokulia ndani ya gitaa na ngoma, sasa unasikia maji yakichemka. Akinihitaji anagonga kikombe na kijiko. Ti, ti, ti. Nikiwa chooni, ti ti ti. Nikiwa nje naanika nguo, nasimama na shati mkononi nasikiliza kama ni kikombe ama ni jirani anaosha vyombo. Nilikuambia haya yote kwa simu mwezi wa tatu, na nililia, na wiki mbili baadaye mzigo ukafika.

Hedifoni. Kubwa, nyeusi, na ile mito laini ya masikio. Ndani ya boksi kulikuwa na kadi: "Kwa Sista, upumzike kidogo." Nilizishika kwa muda kabla ya kuzivaa. Hakuna mtu aliyekuwa amenipa kitu changu, cha kunifurahisha mimi tu, kwa muda mrefu. Nilikupenda siku hiyo, usifikiri nimesahau.

Nikazichomeka kwenye simu. Sauti ikatoka kama iko nyumba ya tatu kutoka hapa. Nikaongeza mpaka mwisho, bado. Nikakupigia nikidhani zimeharibika njiani, ukacheka, ukafurahi hata, na nikasikia ile sauti yako ya utotoni. Ukanieleza kwamba hizo ni hedifoni za watu wa kusikiliza kwa makini, zinataka nguvu nyingi kuliko simu inavyoweza kutoa, kwa hivyo inatakiwa amplifaya ndogo ya kuweka mezani. "Wewe chagua tu, Sista, mimi nitatuma."

Basi tukaanza kuchagua. Mungu wangu! Wiki sita, Simiyu. Wewe ambaye hukuwa unapokea simu zangu za Mama, sasa unanipigia mara tatu kwa wiki. Kuna ile yenye valvu mbili za glasi zinazowaka rangi ya chungwa, ukasema sauti yake ina joto. Kuna ile bapa nyeusi, saizi ya Biblia, ukasema hiyo ni safi, haiongezi kitu wala haipunguzi. Na kuna ile kubwa yenye nguvu ya kusukuma hedifoni yoyote duniani, ukasema hiyo itakaa mpaka uzeeni. Uliniambia niangalie isiwe na mvumo nikiwa sijacheza kitu, niangalie kama knobu inapanda taratibu, niangalie kama itaelewana na stima yetu inayokwenda na kurudi. Nikasoma maoni ya watu uliyonitumia. Mmoja alisema kwa ile ya valvu alisikia mwimbaji akimeza mate. Nilicheka peke yangu jikoni. Mimi namsikia Mama akimeza mate kila siku, na sikulipia.

Lakini niseme ukweli, nilipenda. Nilikuwa nakoroga uji wa Mama nikiwaza valvu ama bapa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuwaza kitu ambacho si dawa wala nepi. Nilianza hata kusafisha ile meza ndogo ya dirishani, nikaifunika na kitambaa, mahali pa amplifaya yangu. Saa moja tu kwa siku, nilijiambia. Saa moja nisiwe hapa.

Ndipo nikakuuliza kwa nini, kati ya hedifoni zote, ulichagua hizi ngumu hivi. Unakumbuka ulivyonijibu? Uliongea kwa fahari kabisa. "Hizi ziko wazi kwa nyuma, Sista, zina matundu. Sauti ya nje inaingia. Nilitafuta sana za aina hiyo, ndio ukiwa unasikiliza uweze kumsikia Mama akigonga."

Nilikuambia maziwa yanafurika na nikakata simu. Hakukuwa na maziwa jikoni, Simiyu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikizitazama zile hedifoni, yale matundu madogo madogo pembeni, nikaelewa. Hata zawadi yangu ya kupumzika uliipima kwanza, isije ikanitoa kwenye zamu. Ulikaa huko mbali, ukafikiria kila kitu, ukafanya utafiti, ukalinganisha, na katika hesabu yako yote mimi nilikuwa hapa hapa. Hukuona mahali pengine ambapo ningeweza kuwa. Niliumia kuliko siku ile ya viboko.

Kesho yake nilikupigia mimi. Nikakuuliza, "Unakuja lini?"

"Sista, ebu kwanza tumalize hii ya amplifaya."

Ulisema hivyo hivyo. Sijaongeza neno.

Nikaomba jirani akae na Mama saa moja, nikaenda mjini na hedifoni ndani ya kiondo. Nilitaka tu mtu anisikilizishe hata kwa dakika mbili, nijue kama tunapigania kitu cha maana. Nikampata fundi mmoja wa redio, mwanaume wa makamo mwenye miwani juu ya kipaji cha uso, kibanda kimejaa spika zilizotumbuliwa. Akazigeuza geuza.

"Mathe, hizi ni za studio. Umezitoa wapi?"

Mathe, kama mimi ni mama yake! Nikamwambia tumezaliwa mwaka mmoja mimi na yeye, na kama si mwaka mmoja basi yeye ndiye amenitangulia. Akacheka, akaomba msamaha, akaniita madam. Nikamweleza habari ya valvu na bapa, na ndugu yangu aliye Kanada anayetaka nichague. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha miwani.

"Madam, kwani kwenu hakuna system ya mzee? Zile za zamani mbele zilikuwa na shimo la hedifoni, kubwa hivi. Zile zina nguvu hata ya kubakisha. Hizi hedifoni zingeimba, nakuambia. Unanunua mpya ya nini na ya zamani iko?"

Nikamwambia iko, lakini imefungiwa.

"Imefungiwa na nani?"

Nikaanza kuzirudisha hedifoni kwenye kiondo. Akanipa kichwa cha kubadilisha plagi ndogo iwe kubwa, akasema nikajaribu, isipofanya nimrudishie.

Nilirudi nyumbani, nikamlisha Mama, nikamgeuza, akalala. Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka kwenye kabati. Nikatoa ufunguo. Niligeuka kutazama mlango kana kwamba Baba atatoka shifti anikute. Nikafungua vile vioo. Harufu ya kile kitambaa cheupe ilitoka, Simiyu, bado kimekunjwa mara nne juu ya deki. Shimo la hedifoni liko upande wa kushoto, chini, hata sikuwahi kuliona. Miaka yote hiyo tuliambiwa tusiguse, na hatukujua hata ina nini. Nikachomeka. Nikabonyeza. Taa ndogo ikawaka. Knobu ilikwaruza kidogo kwa vumbi, halafu ikapanda taratibu, bila mvumo, kama ulivyotaka. Kaseti ya mwisho aliyosikiliza Baba ilikuwa bado ndani.

Nilisikia vidole, wee! Si gitaa tu, vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Nilisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Nilisikia ngoma iko nyuma upande wa kushoto, mahali ambapo kwa spika za Baba ilikuwa imekufa tangu uiue wewe. Nikakaa. Nilikaa kwenye kiti cha Baba, ndio, na watu wa group msome vizuri, nilikikalia. Nililia kwa furaha na kwa hasira pamoja, na sikujua ipi inamaliza ipi.

Halafu katikati ya wimbo, ti, ti, ti.

Wazi kabisa. Ulichagua vizuri sana, Simiyu. Nilisikia kila kitu. Na nikajua hapo hapo kwamba hakuna amplifaya, si ya valvu, si bapa, si ya Baba, itakayonitoa kwenye nyumba hii. Mimi ndiye nilikuwa nimekubali kwamba tunachotafuta ni sauti. Nikavua, nikaenda nikambadilisha Mama, nikarudi nikakupigia, nikakuambia habari ya Keringet kwa mara ya kwanza bila kuzungukazunguka. Na wewe ukasema lile neno ambalo nadhani ulikuwa umelibeba muda wote.

"Sista, mimi ni mwanaume. Siwezi kumuosha Mama. Unajua kwetu haiwezekani."

Sitasema ni kisingizio. Mimi pia nimelelewa na mwiko huo, najua uzito wake, na najua mtoto wa kiume akimwona mama yake vile anaogopa nini. Kwa hivyo nilikata simu. Nilimpigia Senge Rispa. Nikaanza na dhambi yangu, nikamwambia nimefungua kabati. Nikasikia kuku wake wakilia nyuma ya simu. Nikamwambia na hili lako la kuosha.

"Na wewe umechoka kiasi gani?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Haya. Nakuja."

Amefika Jumanne na begi moja. Amegawa vitu vya Baba mwenyewe, jana asubuhi, mbele ya wazee wawili wa kanisa na jirani, akasema kungoja kumekwisha na lawama zote zimwangukie yeye. System ni yangu. Koti ni lako, linakungoja. Lakini habari ya mwiko alikataa kuikata. Alisema, "Hilo aulizwe mwenye mwili."

Basi tukamuuliza. Tulimkalisha Mama juu ya mito, Senge upande mmoja, mimi mwingine, nikamweleza kwamba nimepata kazi, kwamba Simiyu ndiye atakuja kukaa, na kwamba anaona haya kumuosha. Unajua sasa maneno yake hutoka moja moja, na kila moja ni kazi. Alitutazama. Midomo ikahangaika. Nilidhani anataka maji. Senge akanizuia, akasema ngoja.

"Mimi," Mama akasema. Tukangoja. "Nilimuosha."

Hayo tu. Kisha akafumba macho, amechoka.

Nimewaambia Keringet ndiyo. Senge anakaa wiki tatu, ana ng'ombe wake na hawezi kuzidisha. Wiki hizo zikiisha, Simiyu, hapa hakutakuwa na mtu mwingine. Ninaogopa, sikufichi. Ninaogopa usije, na najua kwamba usipokuja nitarudi mbio kutoka Keringet nilivyo, na mlango huu utafungwa nami ndani mpaka mwisho. Wewe pia unajua hivyo. Ndiyo maana nakuomba usinijibu kwa simu. Njoo.

Maji tunachemsha asubuhi, kabla ya uji. Yasiwe moto. Upande wake wa kushoto hausikii, kwa hivyo usimuulize, pima kwa kiwiko chako. Anza na uso. Mfunike shuka, uoshe kipande kipande chini ya shuka, hivyo hakuna atakayeona haya, si wewe wala yeye. Ongea naye wakati wote, habari yoyote, hata hizo za valvu zako. Miguu mwisho, na ukaushe katikati ya vidole. Ukimaliza usiondoke haraka. Huwa anafumba macho kidogo, na akiyafungua anapenda kumkuta mtu.

Ni mimi, dada yako, bado niko nyumbani